Ombi Lisilotaja Mema

Tarehe 6 Machi

Kwa mpwa wangu, karani wa stoo katika kambi ya wajenzi wa barabara, popote pale kambi hiyo itakapokuwa imehamia,

Natanguliza salamu, nikitumaini kwamba zitakukuta u mzima na kwamba vumbi la kokoto halijakuharibia kifua. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya hali. Paa la chumba changu lilivuja, likazibwa, likavuja upande wa pili. Jirani yetu muuza mkaa amepata mjukuu wa kike na amepotewa na sauti kwa vigelegele. Meza yangu ingali pale barazani nje ya ofisi ya ardhi, na mashine yangu ya taipu ingali inaruka herufi H, ambayo huijazia kwa kalamu ya wino. Watu wangali wananiita Bwana Naomba. Sijakataa, maana jina hilo nimelipata kwa kazi yangu ya kuwaandikia watu maombi.

Kuhusu: Afya ya Mama Yako, Ambaye Ni Dada Yangu

Baada ya hayo, niruhusu niingie katika kiini cha barua hii.

Utakumbuka nilikuarifu, kabla ya mvua, jinsi mama yako alivyokuwa amezimika. Cherehani ilifunikwa shuka. Chakula alikitazama kama kitu cha mtu mwingine. Alijilaza akiwa ameuelekea ukuta, na ukimuuliza anaumwa wapi, alijibu, "Siumwi. Sipo tu." Nami, nikiwa kaka yake pekee, nilifanya lile nilijualo: niliandika ombi. Kurasa mbili, kwa daktari wa kliniki ya afya ya akili, nikipanga dhiki zote kwa utaratibu wake: kuamka alfajiri na kutolala tena, kukosa hamu hata ya redio, kujiona mzigo, na lile neno alilolitamka siku moja ambalo sitalirudia katika maandishi. Daktari alilisoma ombi lote. Alipomuuliza mama yako, alijibiwa kwa kichwa tu. Akatuambia kwamba ugonjwa huo una jina, nalo ni sonona, akaandika vidonge.

Sasa kaa vizuri. Mama yako amefufuka.

Katika kazi yangu nimeandika maneno "kwa mshangao mkubwa" kwa niaba ya wateja wengi ambao hawakushangaa hata kidogo. Safari hii nayaandika kwa niaba yangu. Asubuhi moja nilisikia cherehani ikilia, nikatoka na mswaki mdomoni. Alikuwa ameketi katikati ya vitambaa, anaimba na kunipangia kazi kwa wakati mmoja.

"Kaka! Simama hapo nikupime! Utavaa suti ya kuandikia maombi, yenye mfuko wa mhuri!"

Nilipimwa. Anasema atashona sare za shule nzima. Mwalimu mkuu hajamwomba, lakini yeye asema ataombwa tu. Mapazia ya sebuleni yamekwisha kuwa sketi. Jambo la kwanza halijaisha, la tatu limekwisha kuingia, na yote yana akili! Uso wake unang'aa hata mtu akimtazama anajisikia hakunawa. Daktari yule ni mtu wa ajabu, na vidonge vyake ni vya ajabu zaidi.

Furahi pamoja nasi. Na ruhusa ikipatikana, njoo umwone. Hujakanyaga nyumbani tangu uache chuo cha ualimu, wala hujapata kueleza kwa nini msichana aliyekuwa akiongoza darasa anahesabu sepetu katika kambi ya watu wanaoamshwa kwa kengele. Sikuulizi. Natamka tu kwamba sijaelezwa.

Wako katika undugu na uandishi,
Mjomba


Tarehe 11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenifuata kambi mbili. Dereva wa lori la lami aliiweka chini ya kiti akaisahau, na bado inanuka lami. Mimi ni mzima. Tumevuka mto, sasa tunapasua mlima, na stoo yangu ni hema ambalo upepo umelibeba mara mbili nikiwa ndani. Mpe muuza mkaa hongera zangu, na pole ya sauti.

Nimefurahi kusikia mama ameinuka. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Naomba unijibu haya, tafadhali, bila mapambo.

Analala? Sisemi anajilaza. Analala? Na asipolala, kesho yake anachoka?

Ukimkatiza, anacheka au anakasirika?

Na lile ombi la kwa daktari: uliandika chochote kuhusu ule mwaka alioipaka nyumba rangi ya machungwa, nje na ndani, akawagawia majirani vyombo vyetu? Uliandika habari za kwaya aliyoianzisha, ikafanya mazoezi uani kwetu mpaka polisi wakaja? Uliandika zile nyakati ambazo wewe na mimi tulikuwa tunasema, "Haya, mama karudi"?

Mrudishe kwa daktari, mjomba, na usikawie. Vidonge usimwachishe wewe, hiyo ni kazi ya daktari. Nimesoma mahali kwamba hata furaha inaweza kuwa dalili.

Kuhusu chuo, kazi ya stoo inanifaa. Napenda kengele.

Mpwa wako


Tarehe 2 Mei

Kwa mpwa wangu,

Salamu zako zimepokelewa na kugawiwa kwa wahusika. Muuza mkaa ameshukuru, ingawa kwa sasa hawasemezani na mama yako, jambo ambalo nitalifikia. Paa limetulia. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi unaonishika mchana nikiwa mezani, hata juzi nilimwandikia mteja "Ndugu Mheshimiwa Kiwanja".

Kuhusu: Maswali Yako

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nikiwa nimeketi. Umeniagiza nijibu bila mapambo. Nitajitahidi, ingawa ni sawa na kumwambia fundi ashone bila uzi.

Kwanza, halali. Hujilaza kidogo tu, huinuka kabla ya jogoo, na hachoki. Mimi ninayejaribu kulala ndiye ninayesinzia mchana, kwa sababu cherehani iko upande wa pili wa ukuta wangu. Jambo hili nililihesabu kuwa neema.

Pili, hukasirika. Muuza mkaa alimwambia kwa upole, "Mwenzangu, punguza kidogo, kitoto kimelala." Akajibiwa, "Wewe uliyezaliwa umelala utajua nini?" Kisha akamwaga gunia zima la mkaa njiani ili, kwa maneno yake, mtaa uone tofauti ya giza na mwanga. Mkaa huo nimeuokota mimi.

Tatu, ombi. Hapo umenigusa pabaya. Sikuandika habari za rangi ya machungwa, wala vyombo, wala kwaya. Na sikusahau. Niliziacha kwa makusudi, kwa kuwa hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yangu: ombi halitaji mema. Mjane anayeomba kiwanja haandiki kwamba anapika vizuri. Ukimweleza mkubwa kwamba una siku njema, atakuambia uisubiri siku hiyo. Katika rasimu yangu ilikuwamo sentensi isemayo, "Mgonjwa huyu, kwa nyakati nyingine, huchangamka kupita watu wote." Niliifuta. Ilidhoofisha hoja.

Sasa unataka niende kwa daktari nikaishtaki furaha? Kwa kifungu kipi? Niandike, "Naomba uingilie kati, dada yangu anaimba"? Nami nauliza, kwa heshima zote: wewe unayajua haya kwa mamlaka gani? "Nimesoma mahali" si rejea. Taja mahali.

Wako,
Mjomba

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha, nimeifungua. Mchana huu mama yako alikwenda barabara kuu akiwa na utepe wa kupimia, akawa anasimamisha malori ili awapime madereva mabega. Lori moja lilichelewa kusimama. Yeye hakuguswa, amerudi akicheka. Lakini utepe nimeuona. Una alama ya gurudumu.


Tarehe 19 Mei

Mjomba, shikamoo.

Sikungoja lori. Barua hii nimempa mhandisi anayeshuka leo. Wasalimie wote. Habari za kambi nitakupa siku nyingine.

Umesema nitaje mahali. Mahali ni mimi.

Mwaka wa pili chuoni niliacha kulala. Sikujiona mgonjwa, nilijiona mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Nilikuwa nimegundua namna ya kuwafundisha watoto wote duniani kusoma kwa wiki moja. Niliujaza ubao wa darasa letu, nikaenda darasa la pili, nikazimaliza mbao zote, kisha nikaanza kuta. Kila kitu kilikuwa kinashikana na kila kitu. Ilikuwa nzuri, mjomba. Watu hawapendi kulisema hilo, lakini ilikuwa nzuri sana, mpaka mkuu wa chuo aliponishika mkono nami nikampiga kwa chupa ya wino. Baadaye nikashuka. Nilishuka mpaka pale mama alipokuwa akikuambia, "Sipo tu." Uliponiandikia maneno hayo niliyatambua. Niliwahi kuyasema yale yale kwa watu wengine.

Hospitali walikuta nimeshashuka, wakasema sonona. Nao walikuwa na haki, ndicho walichokiona. Mpaka siku moja muuguzi wa zamu aliponiuliza, "Kabla ya hapo ulikuwaje?" Nikamwambia nilikuwa nimechangamka. Akanitazama, akasema, "Ulichangamka, mwanangu, au ulichemka?"

Nikalia. Ndipo daktari akaniuliza upya kila kitu, akabadilisha jina na akabadilisha dawa. Wanauita ugonjwa wa hisia kinzani, wengine wanasema bipola. Mtu ni mmoja. Hupanda, hushuka, na katikati ni mtu kama watu. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha, mjomba. Kipimo chake ni habari nzima ya mtu. Na aliyeshuka hakumbuki kama alipata kupanda, na aliyepanda haoni kasoro. Kwa hiyo habari inakuwa kwa ndugu. Ya mama iko kwako. Dawa ya sonona peke yake, kwa watu wa aina yetu, inaweza kumrusha mtu juu. Huenda ndicho unachokiona kiking'aa.

Na kengele ndiyo iliyonileta huku. Ikilia usiku, kambi nzima inazima taa, mhandisi na mpishi sawasawa. Mimi nahitaji siku zinazofanana.

Andika ombi la pili. Taja mema yote, kama mashtaka. Na mimi niandike humo humo, kwa sababu daktari atauliza kama kuna mwingine katika ukoo. Mama hajui. Niliogopa atasema ni yeye aliyenipa.

Mpwa wako


Tarehe 14 Juni

Kwa mpwa wangu, ambaye nimemjua upya,

Salamu nyingi. Nimejaribu kutafuta namna ya kuziandika salamu hizi zikabeba ninachotaka zibebe, nikashindwa, basi zipokee hivyo hivyo. Mjukuu wa muuza mkaa ameota jino. Mashine ya taipu nimeiacha nyumbani, barua hii naiandika kwa mkono.

Kuhusu: Yaliyotokea Kliniki

Barua yako ilinifikia barazani. Wateja wangu wawili waliambiwa warudi kesho, jambo ambalo halijapata kutokea. Kisha nikaandika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilianza hivi: "Kwa heshima na taadhima, nailalamikia furaha ya dada yangu." Nilidhani ningejaza nusu ukurasa. Nilijaza kurasa tano na kalamu haikutaka kusimama.

Kumfikisha kliniki haikuwa kazi. Nilimwambia tu kwamba daktari hana koti la maana. Alivaa gauni la vipande vya rangi nne, akatangulia mbele yangu kwa hatua ambazo sikuziweza. Chumba unakijua kwa habari: benchi, mizani, feni yenye panga mbili badala ya tatu. Kabla hatujaketi alianza.

"Daktari, koti lako limekaa vibaya begani. Livue."

"Nitalivua tukimaliza, mama. Karibu ukae."

"Nikikaa mawazo yananikimbia!"

"Yanakwenda wapi?"

"Mbele!"

Daktari akacheka naye, lakini macho yake hayakucheka. Nikaomba ruhusa, nikasimama, nikasoma. Rangi ya machungwa. Vyombo. Kwaya. Mwaka ule alioanza kuchimba kisima uani peke yake na kuimba ndani ya shimo. Mama yako alikuwa akipiga makofi kila nikimaliza aya. "Msikilizeni huyu! Kaka ananishtaki kwa kuimba!"

Daktari hakuandika kitu. Aliweka kalamu chini, na baada ya kila jambo aliniuliza mambo yale yale kwa sauti ile ile. Alikuwa akilala? Alikuwa akichoka? Ilidumu kiasi gani? Na baada yake alikuwaje?

Baada yake. Mpwa wangu, hilo ndilo swali ambalo sijapata kujiuliza. Nilipofungua kinywa nimjibu, niliona. Baada ya rangi ya machungwa, ukuta. Baada ya kwaya, ukuta. Kisima kilibaki nusu kwa sababu mchimbaji alijilaza na hakuinuka mpaka mvua ilipokifukia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiita vipande hivi dhiki na vile baraka, navyo vilikuwa kitambaa kimoja, upande na upande. Na daktari hakumpasua mtu wala kumtia kwenye mashine. Aliuliza tu, akangoja, na maisha ya dada yangu yakajipanga mezani pake mbele ya macho yangu. Nimekaa nje ya ofisi za wakubwa karibu umri wangu wote, na sijapata kuona mtu akisomwa namna ile.

Kisha nikafika kwenye aya yako. Nakiri nilisita. Lakini sijapata kusoma ombi nusu. Nikaisoma.

Makofi yalikoma. Mama yako alinigeukia, na kwa muda mfupi yule aliyenitazama hakuwa wa juu wala wa chini. Alikuwa dada yangu.

"Analala?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kambini kuna kengele.

"Sikukuuliza kengele, kaka. Nimeuliza mwanangu. Analala?"

Mara akainuka tena, akaanza kumpima daktari mabega, lakini utepe ulikuwa ukimponyoka vidoleni. Daktari alijiacha apimwe. Huku akipimwa alinieleza taratibu: ndivyo ulivyosema, bipola. Vidonge vya sonona alivisimamisha yeye mwenyewe. Akachukua damu, si ya kuutafuta ugonjwa, bali kuhakikisha kwamba tezi ya shingo haihusiki na kwamba figo zitaihimili dawa mpya. Akaomba mama yako alazwe. Mama yako akakubali, kwa sharti kwamba koti lishonwe upya.

Sasa amerudi nyumbani. Analala. Anakwenda polepole, mkono mmoja ukitetemeka kidogo, na daktari anasema kipimo cha dawa bado kinatafutwa. Kuna siku ananikasirikia. "Umenizimia taa, kaka," ananiambia, nami simkatalii, kwa kuwa taa ile niliiona na ilikuwa inawaka kweli. Jana alikwenda kwa muuza mkaa akampakata mtoto, hawakusemezana, lakini walikaa.

Lile swali la kama wewe unalala hajaliacha. Ananiuliza asubuhi, ananiuliza jioni. Nilimtungia jibu kwa niaba yako, kwa lugha bora kabisa, "Binti yako anapata mapumziko ya kuridhisha." Akalirudisha. Anasema anataka la mwandiko wako.

Wako,
Mjomba


Tarehe 30 Juni

Mjomba, shikamoo, na asante. Karatasi hii mpe mama kama ilivyo. Usinyooshe sentensi.

Mama, shikamoo.

Nalala. Si kila siku. Siku nikiona usingizi umenikwepa na kichwa kimeanza kupata mawazo mazuri mno, namwambia mpishi wa kambi. Ananinyang'anya funguo za stoo na hanirudishii mpaka nilale. Tunagombana. Analo tusi moja la kunitusi siku hizo, nitakuambia kwa mdomo.

Mhandisi amenipa ruhusa. Nitashuka na lori la lami likija. Usinitandikie kitanda changu. Nitalala chumbani kwako, uone mwenyewe.